Mtaro wa Mashineni

Mwalimu Abdulkarimu alikuja na kipeperushi Jumatatu asubuhi, wino wake haujakauka vizuri, akakitandaza juu ya gunia la makopa ya muhogo ili Mwaisha Yassini akisome kabla hakijapelekwa kuchapwa kwa wingi. Mbele kulikuwa na picha ya Mwaisha mwenyewe, amejitanda mtandio wa maua, anatazama kamera kama mtu aliyeulizwa swali ambalo jibu lake analijua. Nyuma kulikuwa na vipaumbele kumi na kimoja, vimepangwa kwa namba, kila kimoja kimepigiwa mstari.

Mwaisha alizima mashine ili wasikilizane. Alikuwa mwanamke wa miaka arobaini na mitatu, mfupi, mwenye mabega mapana ya mtu aliyeinua magunia tangu usichana, na nyusi zake zilikuwa nyeupe, si kwa uzee bali kwa unga. Mashine ile ya kusaga waliachiwa yeye na kaka yake na marehemu baba yao, Mzee Yassini, na ilikuwa imekaa pale muda mrefu kiasi kwamba mtaa mzima ulikuja kuitwa Mashineni. Watu wa kata hiyo, iliyo ukingoni mwa mji wa Mtwara, ukitoka tu Mtawanya, walimfahamu Mwaisha kuliko walivyomfahamu mwenyekiti wa mtaa wao, kwa sababu hakuna nyumba isiyopika ugali, na unga wa ugali huo ulipita mikononi mwake. Watu wakisubiri zamu huzungumza. Kwa miaka ishirini Mwaisha alikuwa amesimama pale akisikia nani anaumwa, nani amehama, choo kipi kimetitia, na mjamzito yupi alijifungulia njiani kabla bajaji haijafika hospitali.

Kwa hiyo diwani wao alipopata kazi mkoa mwingine na kujiuzulu, na uchaguzi mdogo ukatangazwa kufanyika mwishoni mwa Januari, na wanawake watano wakamwendea Mwaisha pamoja na makopa yao kumwambia achukue fomu, hakuomba siku ya kufikiri. Alikuwa ameshafikiri miaka mingi. Aliwasagia, akajifuta mikono, akaenda ofisi ya chama chake.

Sasa aliomba kalamu, na Mwalimu, aliyekuwa meneja wake wa kampeni, akampa ile aliyokuwa ameichomeka mfukoni. Mwaisha akaanza kukata. Alikata uwanja wa mpira wenye taa. Alikata lami, akimkumbusha Mwalimu kwamba barabara ile ina wenyewe huko juu na diwani hana uwezo nayo zaidi ya kuomba. Alikata boti za kisasa, kwa kuwa kata yenyewe haikuwa na wavuvi hata ishirini. Alikata kituo cha polisi, alikata kiwanda cha kubangua korosho na vingine vitatu, na kila alipokata Mwalimu alivuta pumzi kidogo kama mtu anayeng'olewa mwiba. Alikuwa amefundisha shule ya msingi kwa miaka thelathini na minne kabla ya kustaafu, na hakuzoea kusahihishwa kazi yake.

Vilibaki vitatu. Cha kwanza, mtaro wa kutoa maji ya mvua kwenye mtaa wa Namkuyu, ulioko bondeni. Cha pili, chumba cha kujifungulia kwenye zahanati ya kata. Cha tatu, choo cha soko.

Mwalimu alisema watu watacheka. Mpinzani wao, Shafii, mwenye duka la vifaa vya ujenzi, alikuwa na vipaumbele kumi na tano, na kimojawapo kilikuwa chuo kikuu. Sasa wao watapanda jukwaani na choo?

"Mwalimu, nimepita nyumba mia tatu na kumi," Mwaisha alisema. "Kila nyumba nimewauliza kitu kimoja tu, nini kikifanyika mwaka huu mtaacha kunilaumu. Hakuna aliyenitajia chuo kikuu. Bi Elizabeti kule Namkuyu alinionyesha ukuta wake, maji ya mwaka jana yamechora mstari hapa, usawa wa kiuno. Hivi vitatu diwani anaweza kuvisimamia mpaka vikaisha. Vingine vyote nitakuwa naongopa."

Mwalimu alikunja kipeperushi, akakifungua tena, akakiri kwamba angalau kitakuwa na nafasi ya kuandika kwa herufi kubwa.

Mkutano wa kwanza ulifanyika kwenye uwanja wa soko, na kweli wengine walicheka kwenye habari ya choo, lakini wauza mboga hawakucheka. Mwaisha hakuwa na sauti ya jukwaani. Alizungumza vilevile alivyozungumza mashineni, kama mtu anayewaambia wateja kwamba umeme umekatika na utarudi saa nane. Aliwaambia kazi ya diwani ni ipi na isiyo kazi yake ni ipi. Aliwaambia mtaro ni wa kwanza, na usipokwisha, hayo mengine mawili wasimuulize, wamuulize mtaro kwanza. Kijana mmoja alipaza sauti kutoka nyuma akitaka kujua lami je. Mwaisha alimjibu kwamba ataiomba lami kila kikao mpaka wamchoke, lakini hawezi kumuahidi kitu ambacho funguo zake hana. Alishuka jukwaani bila wasiwasi. Alikuwa na hakika, kama anavyokuwa na hakika kwa kuugusa tu unga kati ya vidole viwili, kwamba neno lake limekaa sawa.

Wiki ya pili ya kampeni, siku ya Jumamosi, mvua ilianza alfajiri na haikupumua mpaka adhuhuri. Ilipokatika, Mwaisha alivaa viatu vya mpira akateremka Namkuyu. Alikuta hali aliyoijua: maji mekundu yamesimama kwenye nyua, masufuria yanaelea, magodoro yamepandishwa juu ya meza. Bi Elizabeti, mjane wa Kimakonde aliyehamia mjini kutoka Newala na ambaye mtaro kwake mpaka leo ni "ntaro", alikuwa amekaa juu ya kinu kilichopinduliwa, miguu ndani ya maji, anachambua mchicha kana kwamba ni siku kama siku nyingine. Mwaisha alimwamkia, akamsaidia kuhamisha kuku, akazunguka nyumba kwa nyumba.

Kwenye nyumba ya mwisho alimkuta Sabina. Huyu alikuwa mwanamke wa miaka thelathini na kitu, aliyesomea upimaji chuoni na kufanya kazi kwa wakandarasi mbalimbali. Alikuwa ameshika mpira mwembamba wa plastiki uliojazwa maji, ule ambao mafundi hutumia kusawazishia msingi, na kichwani alivaa kofia ya kampeni yenye picha ya Shafii. Alipomwona Mwaisha hakuivua.

"Bi mgombea, unataka nikuambie ukweli au unataka kura?"

"Kura yako nimeshaiona iko kichwani," Mwaisha akasema. "Niambie ukweli."

Sabina alimwambia twende. Wakapanda kilima wakiwa wamefuatana, Sabina mbele, akionyesha kwa mkono. Alieleza kwamba amepima mwaka jana na amerudia mwaka huu, kwa sababu nyumba iliyoingiliwa na maji ni yake pia. Zamani kulikuwa na mkondo. Ulianzia juu, ukashuka ukipinda kushoto mpaka kwenye mikoko na baharini, na maji yote ya kilima yalipita humo bila kumsumbua mtu. Sehemu fulani mkondo huo ulijazwa. Maji yakifika hapo hugonga, hugeuka kulia, na kulia ni Namkuyu. Mtaro ukichimbwa bondeni peke yake utakuwa shimo refu la kukaa mbu. Ni lazima ufunguliwe pale juu ulipozibwa.

Walipofika juu Sabina alisimama. Mbele yao ulikuwa ukuta wa nyuma wa stoo ya mashine ya akina Mwaisha, matofali ya saruji yenye ukungu wa kijani mpaka usawa wa goti, na chini yake maji yalikuwa yamekusanyika, yanazunguka polepole na takataka zake, yanatafuta pa kwenda.

Mwaisha alikuwa ameiona ile stoo kila siku ya maisha yake ya utu uzima, lakini kwa mbele. Nyuma alikuwa hapiti, hapakuwa na sababu ya kupita. Aliugusa ule ukungu kwa kidole. Kisha akamuuliza Sabina mtaro unahitaji upana gani. Sabina akajibu mita mbili na nusu, maana yake stoo yote, na baada ya hapo vipande vya nyua za nyumba nne za Mashineni. Mwaisha akamshukuru. Akamuuliza kama amemwambia Shafii. Sabina akasema bado, ila atamwambia, kwa sababu ndiye mgombea wake. Mwaisha akasema ni haki yake.

Mwalimu Abdulkarimu alipopewa habari alikaa juu ya kiti cha plastiki na kutoa ushauri wake kwa utaratibu, kama anayeandika ubaoni. Ushauri wa kwanza ulikuwa kuuzungusha mtaro upande wa msikiti, hata kama ni mbali zaidi. Mwaisha akamwambia Sabina ameshapima huko, maji hayapandi mlima. Ushauri wa pili ulikuwa kunyamaza mpaka kura zipigwe, maana zilibaki siku nane tu. Mwaisha akasema akinyamaza, Shafii atasema, na hata asiposema, atakuwa amewadanganya watu wa Namkuyu kwa kuwaahidi mtaro huku akijua kizibo ni chake. Mwalimu hakuwa na ushauri wa tatu. Alitoa tahadhari moja ambayo Mwaisha aliikubali: wasiguse hata tofali moja kabla ya siku ya kura, isije ikasemwa kwamba wanawahonga wapiga kura kwa stoo.

Lakini stoo haikuwa ya Mwaisha peke yake. Nusu ilikuwa ya kaka yake, Idrisa, aliyekuwa Mahurunga akilima mpunga kwenye bonde la Ruvuma. Jambo lile halikuwa la kuzungumza kwa simu. Jumatatu Mwaisha aliahirisha mikutano miwili, akapanda gari la asubuhi.

Alimkuta Idrisa shambani, suruali imekunjwa mpaka magotini, anapandikiza miche pamoja na mkewe. Upande wa pili wa mto ilikuwa Msumbiji, kijani vilevile. Kwenye kingo za shamba palikuwa na makopo yaliyotundikwa kwenye kamba, ya kutishia viboko wanaotoka mtoni kula mpunga. Idrisa alikuwa amempita Mwaisha miaka kumi na moja, mtu wa maneno machache, ambaye tangu baba yao afe hakuwahi kulala mjini hata siku moja kama angeweza kurudi jioni.

Mwaisha alimwamkia shikamoo, akaitikiwa, akavua viatu akaingia majini, akachukua fungu la miche akaanza kupandikiza kwenye mstari wa kaka yake. Walikwenda hivyo hatua kama ishirini, wakiulizana habari za watoto na za shamba. Ndipo akamuuliza nyuma ya stoo palikuwa na nini kabla haijajengwa.

Idrisa alipandikiza mche mmoja, akapandikiza wa pili.

"Nani kakuambia?"

"Nimeyakuta maji yenyewe yamesimama ukutani."

Idrisa akanyooka, akasugua mgongo. Kisha akasema, na hakumtazama, kwamba palikuwa na korongo, na aliyelijaza ni yeye. Alikuwa na miaka kumi na saba. Baba alimpa mkokoteni, na kwa wiki tatu alibeba kifusi kutoka kwenye nyumba iliyobomolewa karibu na Chuno, akamwaga, akashindilia kwa miguu. Bondeni wakati huo hapakuwa na nyumba hata moja, ni vichaka na mikorosho michache tu, na maji yakienda huko hayakumkosea mtu. Baadaye ikaja miaka ya gesi, kila mtu akataka kiwanja Mtwara, na bonde likakatwa viwanja wakati wa kiangazi, wanunuzi wakaoneshwa ardhi kavu na tambarare.

"Kila mwaka nikisikia Namkuyu kumejaa maji nazima redio," Idrisa alisema.

Mwaisha aliacha kupandikiza. Alikuwa amekuja amejiandaa kubishana juu ya stoo, juu ya magunia ya korosho yanayohifadhiwa humo, juu ya nusu na nusu. Hakujiandaa kumwona kaka yake akiwa na uso ule. Alimwambia kwamba yeye naye amekula kwa ile stoo miaka yote, kwa hiyo kama ni kosa ni la nyumba nzima. Halafu akamweleza anachotaka: stoo ibomolewe, mkondo ufunguliwe, na kwa upande wao wasidai fidia yoyote.

"Na ukishindwa uchaguzi?"

"Nimekuja kukuomba stoo, kaka. Uchaguzi ni jambo jingine. Nikishindwa tutabomoa vilevile, na huyo atakayeshinda tutampa njia."

Mke wa Idrisa, aliyekuwa akipandikiza mstari wa tatu, alisema bila kuinua kichwa kwamba korosho zinaweza kuhamia kwenye chumba cha mbele. Idrisa akacheka kidogo, kwa mara ya kwanza siku hiyo. Akakubali, ila kwa sharti moja, kwamba Mwaisha akiwa jukwaani asimfanye baba yao mtu mbaya. Alijenga kwa ajili ya wanawe, hakujua. Mwaisha akaahidi. Alirudi mjini na gari la saa tisa, matope yamekaukia kwenye nguo zake, akiwa mwepesi kama mtu aliyetua mzigo, na njiani akapanga maneno yake yote.

Siku nne kabla ya kura, wazee wa kata na walimu waliandaa mdahalo kwenye uwanja wa shule ya msingi, wagombea wote wawili wasimame mbele ya wananchi wale wale, mchana kweupe. Watu walijaa. Namkuyu walikaa upande wa kisima, Mashineni upande wa madarasa, na Sabina alisimama katikati na kofia yake. Shafii alikuwa amevaa kanzu iliyopigwa pasi vizuri, na mkononi alikuwa na karatasi moja iliyokunjwa. Hakuwa mtu mbaya Shafii. Alikuwa mcheshi, aliwajua watu kwa majina, na misiba mingi ya kata ilichimbiwa makaburi kwa sepetu za duka lake. Mwaisha alipoiona ile karatasi alijua ina nini.

Kura ya nani aanze ilimwangukia yeye. Hakuanza na salamu ndefu. Aliwaambia kwamba kwa wiki mbili amewaahidi mtaro, na sasa ameujua mtaro huo utapita wapi. Akawaeleza habari ya mkondo, jinsi ulivyokwenda na mahali ulipozibwa. "Waliouziba ni familia yangu," alisema. "Stoo ya mashine imekaa juu yake. Tuliujaza wakati bondeni hakuna mtu, hatukujua. Sasa tunajua. Mimi na kaka yangu tumekubaliana, uchaguzi ukiisha stoo inabomolewa, nishinde nisishinde."

Uwanja ulivuma. Upande wa kisima watu walisimama. Shafii alifungua karatasi yake, akaisoma, akaikunja tena akaiweka mfukoni, na wengi waliomwona wakacheka, naye mwenyewe akacheka nao. Lakini alikuwa mtu mwerevu. Alipopewa nafasi alimpongeza Mwaisha, kisha akamuuliza, kwa upole tu, vipi kuhusu zile nyumba nne zinazofuata baada ya stoo. Stoo ni yake, anaweza kuigawa. Na nyua za watu je?

Kabla Mwaisha hajajibu, mwanamke mmoja alisimama upande wa madarasa. Alikuwa Latifa, jirani yake wa ukuta kwa ukuta na mwenye mojawapo ya nyumba hizo nne, anayechemsha ming'oko, ile mizizi ya porini, na kuiuza kwenye beseni mjini. Walikuwa wameingia unyagoni mwaka mmoja.

"Umekwenda mpaka Mahurunga kumuuliza kaka yako," Latifa alisema. "Mimi hata hodi hukunipigia. Habari za jiko langu nazisikia hapa, pamoja na watu wa Namkuyu."

Mwaisha alimgeukia Latifa. Mambo yote aliyapanga njiani akitoka Mahurunga, na hilo hakulipanga. Alihesabu stoo, alihesabu kaka, alihesabu kura, akasahau mlango ulio hatua kumi kutoka kwake. Mwalimu Abdulkarimu, pembeni, alikuwa anamfanyia ishara ya kuzungumzia zahanati.

"Latifa, nimekosea," alisema. "Ilinipasa nianzie kwako. Ndugu Shafii ameuliza vizuri, na jibu langu ni kwamba sijui bado. Nitakaa na kila nyumba kati ya hizo nne. Sitasema hapa kwamba hakuna atakayepoteza kitu, kwa sababu yupo. Ila mtaro utapita, na utapita hapo. Mkinichagua, mjue mmemchagua mtu atakayekuja kugonga milango hiyo."

Latifa alikaa chini, akafunga kanga yake upya. Watu wa Mashineni hawakupiga makofi. Mwaisha alimaliza na zahanati na choo cha soko kwa sauti ile ile ya kila siku, na alipokaa, moyo ulikuwa umetulia. Jambo lililokuwa la kusemwa lilikuwa limeshasemwa, na hakuna sehemu yake iliyobaki uvunguni.

Kura zilipigwa Jumapili. Jumatatu asubuhi karatasi za matokeo zilikuwa zimebandikwa kwenye ubao wa ofisi ya kata, na watu walizisoma kwa sauti, kituo kwa kituo. Mashineni, mtaa ulioitwa kwa jina la mashine yake, ulimpa Mwaisha kura sabini na moja na Shafii mia moja sitini na nne. Mwalimu alisoma namba hizo akavua miwani. Lakini Namkuyu walimpa Mwaisha kura mara mbili ya zile za Mashineni, na sokoni wauza mboga walijitokeza wote. Jumla ilipofanywa, Mwaisha Yassini alikuwa ameshinda kwa kura thelathini na nane.

Shafii alikuja mashineni mwenyewe kumpa mkono. Alimwambia hongera, akamwambia pia kwamba muda uliobaki mpaka uchaguzi mkuu si mrefu, na kwamba atakuwa nyuma yake akihesabu kila mita ya huo mtaro. Mwaisha akamwambia aje na futi yake. Walicheka, na hakuna aliyekuwa anatania.

Jumamosi iliyofuata Idrisa alifika na nyundo kubwa. Hakutaka mtu mwingine aanze. Alivua shati, akasimama nyuma ya stoo pale alipokuwa akimwaga kifusi akiwa na miaka kumi na saba, akapiga ukuta mpaka tofali la kwanza likaachia, na la pili, na maji machafu yakapata upenyo yakaanza kutambaa kushoto. Watu wa Namkuyu walikuja na majembe na mapanga. Bi Elizabeti alileta uji. Kufika alasiri, paa lilikuwa chini na matofali yamepangwa kando. Idrisa alikaa juu ya matofali hayo akala, akawasimulia vijana jinsi korongo lilivyokuwa, mahali palipokuwa na kina na mahali walipokuwa wakikamata kaa wakiwa watoto. Siku hiyo alilala mjini.

Kwa wiki tatu Mwaisha alikuwa kwenye vikao, akila kiapo, akijuana na madiwani wenzake, akiufikisha mtaro kwenye mipango ya mwaka na kurudishiwa karatasi na kuzipeleka tena. Hakukata tamaa hata mara moja. Alizizoea karatasi kama alivyoizoea mashine, kwamba zikikwama mahali kuna sababu, na sababu ina mlango wake. Wahandisi walikuja, wakapima, wakakuta vipimo vya Sabina vinatofautiana na vyao kwa sentimita nne, na mmoja wao akamwomba Sabina namba ya simu kwa ajili ya kazi nyingine.

Kwa Latifa alikwenda mara mbili, na mara zote mbili aliambiwa hayupo, huku moshi wa jiko ukionekana. Makopa yake sasa Latifa alikuwa anayapeleka kusaga Chuno. Mara ya tatu Mwaisha alikwenda na Sabina na vigingi, akaketi kwenye kibaraza akasema atasubiri. Alisubiri mpaka beseni la ming'oko likatoka mlangoni na Latifa nyuma yake.

Hawakusalimiana kwa kirefu. Latifa aliuliza kigingi kinakaa wapi. Sabina akamwonyesha: katikati ya jiko. Latifa akasema hapo hapana, jiko hilo alilijenga kwa mikono yake na hatalihamisha kwa ajili ya mtu wa Namkuyu wala wa Mashineni. Mwaisha hakumshawishi. Alimgeukia Sabina akamuuliza mtaro ukipinda kidogo, ukapita kati ya jiko na mpapai, maji yatakubali? Sabina alipiga magoti, akavuta mpira wake, akafumba jicho moja. Alisema yatakubali, ila kona lazima ijengwe kwa mawe na mpapai utakufa.

Latifa aliutazama mpapai. Ulikuwa na matunda sita.

"Nivune kwanza," alisema.

"Vuna. Hatuanzi kabla ya mwezi wa nne."

"Na uwe na mfuniko wa zege. Nina wajukuu hapa, sitaki mbao."

Mwaisha aliandika zege kwenye daftari lake, akamwonyesha. Latifa hakusoma vizuri bila miwani, lakini aliushika ukurasa karibu na uso, akauangalia, akamrudishia. Kisha akainua beseni, akachagua kipande kimoja cha mng'oko chenye chumvi na pilipili, akampa Sabina, na baada ya kusita kidogo akampa Mwaisha kingine. Alijitwika beseni akaondoka kuelekea mjini.

Walikula wamesimama. Sabina akapigilia kigingi kwenye sehemu mpya, mara tatu kwa jiwe, akakitikisa kuona kama kimekaa. Mwaisha alijifuta vidole kwenye kanga, akafungua ukurasa uliofuata, akaenda kupiga hodi nyumba ya pili.